Kicheko Kilichokatwa Haneti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Yotham Mazengo, mtengenezaji wa filamu za maisha halisi, mkazi wa Makole hapa Dodoma. Tumemzika kwao, Haneti.

Yotham alituchekesha kwa kujicheka yeye kwanza. Filamu yake ya kwanza ilionyesha ng'ombe akimpiga teke kila alipojaribu kumkamua. Ya pili ilihusu mchumba aliyemwacha. Ya tatu ilimhusu bibi yake, Bibi Ruthu, mkulima wa uwele.

Utani wa bibi na mjukuu mnaujua. Tangu Yotham akiwa mchanga, bibi alimwita "mume wangu." Jina lingine hakuwa nalo kwake.

Mbele ya kamera bibi akalalama: "Mume gani huyu? Mwaka mzima hajaleta hata unga! Nitakufa njaa, yeye kakumbatia kamera." Kisha akaangua kicheko. Nyuma yake ghala limejaa uwele hadi mlangoni.

Yotham akaugua figo. Kazi ya kuhariri akamwachia Sila, rafiki yake tangu shuleni. Sila akakata kicheko. Akakata na ghala. Akaweka muziki wa huzuni, akairusha filamu mtandaoni.

Haukupita muda, wageni wakafika Haneti na viroba vya unga wa msaada. Majirani wakiona. Bibi Ruthu, ambaye hajawahi kuomba hata chumvi, akapiga simu.

"Yotham, umeniombea?"

Yotham. Si "mume wangu" tena.

"Kaka alibaki na simu sikioni, na bibi alishakata," anasema dada yake, Anna.

Sila alipoulizwa na Yotham, alijibu: "Kaka, bibi anayecheka nani angemtazama?" Mimi simhukumu Sila. Nasema tu kwamba Yotham alimwamini.

Yotham akarudisha kicheko, akarudisha ghala. Akatundika shuka jeupe Haneti, akaonyesha filamu nzima. Kijiji kilicheka. Bibi hakutoka ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Yotham."

Ikawa hivyo hadi ugonjwa ulipomchukua Yotham.

Makaburini, Bibi Ruthu alishika udongo, akakaa nao mkononi muda mrefu. "Mume gani huyu?" akasema. "Anatangulia kupumzika, jembe ananiachia mimi."

Bibi Ruthu, dada Anna, poleni sana. Nasi wengine tujiulize: huruma yetu imewahi kumnyang'anya nani kicheko chake?

Tulimwomba bibi ruhusa ya kuwasikilizisha sauti ya filamu ile. Amekubali, kwa sharti moja: tusikate. Hii hapa, wasikilizaji wapendwa. Yote.