Mtumbwi wa Gad Juu ya Taksi

Siku vita vilipoanza Kongo, Gad alivuka ziwa kwenda Bukavu kumchukua dada yake. Jioni mtumbwi ulionekana ukielea peke yake.

Mwaka wa pili, Patricie mkewe aliupandisha juu ya taksi ya Bugarama, ukafungwa kifudifudi kwa kamba.

"Maman, Bugarama ni mpunga tu," alisema mchuuzi wa Bukavu aliyeketi kando yake. "Utavua nini kule?"

"Nitakamulia ndizi ndani, Papa. Ni pombe ya kumaliza matanga ya bwana yangu."

"Itanuka samaki."

"Ndugu zake balikula samaki yake miaka yote. Batazoea."

Abiria walicheka. Mchuuzi hakucheka. "Maiti mulipata?"

"Hapana."

"Basi ungojee. Kaka yangu tulimulilia, tukanywa. Akatokea Kisangani kwa miguu, akakuta tumegawana nguo zake."

"Huyo alipita porini. Wangu alikuwa kwenye maji."

"Na akirudi?"

"Atakuta pombe."

Taksi iliposimama Bugarama, mchuuzi alishuka. Alisaidia kuushusha mtumbwi, akashika upande mzito.

Kwa wakwe zake Patricie ndizi zilizofukiwa shimoni zimeshaiva. Zinakamuliwa kesho.