Gramu, Mvuvi wa Vyuma

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Miaka sita baadaye nilizaliwa mimi, ninayesoma wasifu huu. Hakukuwa na wa tatu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akasomea ufundi. Hesabu alizipenda, insha zilimpiga chenga. Barua zake hazikuzidi mistari mitatu, na mmoja ulikuwa wa salamu.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye karakana ya mizani, akakaa huko miaka arobaini. Aliweza kukwambia uzito wa kitu kwa kukishika tu, na baadhi ya wenye maduka hawakumpendea hilo. Jina la Gramu walimpa wao.

Tarehe 20 Septemba 1986 alimuoa shemeji yangu, mwalimu wa chekechea. "Hata mimi alinipima kwanza," shemeji alizoea kututania, "ila kipimo hajanionyesha mpaka leo." Hawakujaliwa watoto. Shemeji alipofariki mwaka 2014, sauti iliyobaki mle ndani ilikuwa ya redio.

Alipostaafu alichomoa sumaku kwenye spika mbovu, akaifunga kamba, akawa anavua vyuma mtoni kila Jumamosi, pale darajani. Alivua misumari, vijiko, na siku moja baiskeli nzima, akaisafisha na kuzunguka nayo mpaka akampata mwenyewe, muuza mikate. Watu walimcheka. Nami nilicheka.

Novemba 2023 sumaku ilinasa kitu kizito. Akanipigia simu. "Kilo sitini na tano hivi, au sabini. Njoo tuvute."

"Jumamosi ijayo, kaka," nikamjibu.

Kwangu na darajani ni mwendo wa dakika ishirini. Kila Ijumaa alinipigia, nami nikawa na udhuru, hadi akaacha kupiga. Juzi fundi viatu wa pale darajani ameniambia kwamba marehemu hakukosa kuja, na alikuja na glavu jozi mbili. Wapita njia walipotaka kumsaidia aliwaambia, "Asanteni, nina mdogo wangu anakuja." Nimeona aibu, na bado naiona nikiwa mbele yenu.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Tarehe 28 Aprili alilazwa. Nilipomshika mkono akaniwahi: "Nimebaki kilo hamsini na moja." Kisha akasema, "Kamba nimeifunga kwenye nguzo ya tatu ya daraja. Usiikate." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa tisa alasiri. Sikuwepo.

Ameacha mdogo mmoja, mke wa mdogo wake, watoto watatu waliomwita baba mkubwa, na glavu jozi mbili, moja haijavaliwa.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi nitakuwa darajani. Kilo sabini sitaziweza peke yangu, hivyo mwenye nafasi aje.

Pumzika, kaka. Kamba nimeishika.