Mama Makokha na Viti Visivyoruhusiwa Kulegea

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Pauline Nakhungu atastaafu Ijumaa tarehe 30 Julai 2004. Jina hilo liko kwenye kadi yake ya kazi tu. Hapa Karakana ya Kivuli, Kitale, tunamwita Mama Makokha, kwa jina la kifungua mimba wake. Yeye ndiye mkuu wa ubunifu na ukaguzi, na hakuna kiti cha kukunja kilichotoka kwenye lango letu kwenda kuwekwa barazani kwa mtu, au kwenye nyasi zake, kabla hajakishika yeye. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ni dereva wa pikapu, na nimembeba yeye pamoja na viti vyake hadi mgongo ukakataa. Wasomaji watanivumilia nikipumzika katikati ya sentensi.

Mama Makokha ni mzaliwa wa upande wa Webuye. Alikuja Kitale mumewe alipopata kazi ya ualimu huku, na mwaka wa 1971 Mzee Waithaka, mwenye karakana, akamwandika kushona maturubai. Wakati huo karakana ilitengeneza stuli na masanduku ya shule, basi. Siku moja mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao alileta kiti chake cha kujilaza, turubai limepasuka, akaomba lishonwe. Mama Makokha alikifungua chote, akakitandaza sakafuni kama kuku anayeandaliwa, akakitazama asubuhi nzima huku Mzee Waithaka akipitapita na kuguna. Mwenyewe alipokuja kuchukua kiti chake, karakana ilikuwa tayari na cha pili. Hivyo ndivyo tulivyoingia katika biashara ya kuwapumzisha watu, biashara ambayo imetuchosha sana.

Kwa wale walioajiriwa juzi, kiti chetu cha kujilaza ni fremu mbili za mti zinazopishana, turubai katikati, na fito ya nyuma inayoingia kwenye mapengo tunayoyaita meno. Ukitaka kukaa wima, fito inaingia jino la kwanza. Ukitaka kulala uangalie mawingu ya Mlima Elgon, unaishusha hadi jino la mwisho. Ukimaliza unakikunja, unakibeba kwapani. Ni kitu rahisi kukitazama. Mama Makokha hakuwahi kukiona hivyo. Alikuwa akituambia kwamba kiti cha kukunja ni mtego, na kazi yetu ni kukifanya kisahau kuwa mtego.

Kwa hiyo alikuja na habari ya karoti. Kila Jumatatu alipitia sokoni akanunua fungu, akachagua zilizo nene kama kidole cha mtu. Kiti kipya kikikamilika, alitia karoti katika kila nafasi iliyo kati ya mti na mti, kisha akakikunja na kukikunjua. Nafasi ilipaswa kuwa ama nyembamba hata karoti isiingie, ama pana hata karoti iingie na kutoka bila mkwaruzo. Karoti ikikatika, kiti kinarudi kwa fundi, na fundi anarudi kwenye randa. Tumewahi kukaa wiki mbili bila kupakia kiti hata kimoja, wateja wanapiga simu, na Mzee Waithaka anasimama mlangoni mikono kiunoni.

“Mama Makokha, hii kiti si ilikuwa imeisha jana? Ati leo karoti imesema nini tena?”

“Imesema bado, Mzee.”

Karoti zilizopona tulizila saa nne na chai. Zilizokatika alikataa tusizile, sijui kwa nini, alizitupia sungura wa jirani. Kuna mafundi walioacha kazi hapa wakidai wamechoka kusimamiwa na mboga, na siwezi kusema walikosea.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa mtu mwingine aandike. Wengi mnajua kwamba katika karakana hii neno “kulegea” halitamkwi. Anayelitamka anafagia vumbi la mbao hadi jioni, na hata Mzee Waithaka aliwahi kufagia. Vijana wanadhani ni mzaha wa wazee. Haukuanza kama mzaha.

Mnatujua tulivyo. Sisi tuliotoka Mkoa wa Kati wa nchi hii, yaani akina Waithaka na mimi Ngige, herufi ya “l” na ya “r” hutuchanganya toka utotoni. Wenzetu wa Bungoma nao huzibadilishana watakavyo. Ukitukusanya pande zote mbili kwenye simu mbovu, herufi hizo mbili hazina mwenyewe. Na kuna maneno mawili yanayokaa karibu mno. Kulegea ni kukosa kukazwa. Kuregea, kama tunavyosema huku bara, ni kurudi.

Mwaka wa 2000 wakala wetu wa Bungoma, Bwana Wamalwa, aliazimisha kanisa moja la Matulo viti vitatu vya kujilaza kwa ajili ya wageni wa mchango. Alipokuwa akivipanga uwanjani aliona kimoja nati yake imefunguka kwa kutikiswa na barabara. Akafanya lililo sawa. Alitafuta simu, akapiga Kitale, na Mwihaki wa ofisini, bintiye Mzee, akapokea.

“Madam, kile kiti kimeregea.”

Mwihaki alifurahi. Alidhani kiti kimeshatoka kwa wageni, kimerudi dukani kwa Wamalwa, salama.

“Asante sana. Basi kiache tu hapo.”

Wamalwa naye akaelewa kwamba wenye kiti wamesema hakina shida. Akakiacha hapo. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyezembea, na ningekuwa mimi kwenye simu hiyo ningejibu vilevile. Baada ya ibada alikuja kukikalia Mama Phelista, mshonaji wa sweta za shule, mama anayejulikana Matulo nzima. Aliketi, akashika ukingo wa mti ili ajisogeze nyuma, na fito ikaruka kutoka kwenye jino. Kiti kilijikunja naye ndani. Walimpeleka hospitali ya Lugulu, wakamshona vizuri, lakini kipande cha mbele cha kidole chake cha shahada hakikuwa cha kushonwa. Ni kidole hicho kilichokuwa kikiongoza uzi kwenye mashine yake ya kufuma.

Habari ilipofika, Mama Makokha aliniambia niwashe gari. Tukashuka hadi Matulo. Alimkuta Phelista amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa, akampa pole, akalia, na Phelista akawa ndiye wa kumbembeleza. Alipotaka kuondoka, alimwahidi kwamba atamletea kiti ambacho hakiwezi kumfanyia mtu hivyo. Phelista alimjibu kwa upole kwamba asijisumbue, kwa maana yeye na viti vya kukunja wameachana.

Kesho yake Mama Makokha alitukusanya. Alisema kuanzia siku hiyo kitu kisichokazwa kitaitwa “kinacheza”, na kilichorudi kitaitwa “kimerudi”, na yale maneno mengine mawili tuyaache nje ya lango pamoja na matope. Kisha akaenda kwenye meza yake ya kazi, na nikisema kwamba hakutoka hapo kwa miaka minne natia chumvi kidogo tu.

Alitaka kiti ambacho hakitegemei nati. Alitaka kiti ambacho uzito wa mtu ndio unaokifunga, na ambacho huwezi kukikunja mtu akiwa ndani hata ukivuta kwa hasira. Alitengeneza komeo za mti, zikavimba na mvua. Akatengeneza za chuma chembamba, zikapinda chini ya gunia la mahindi, kwa kuwa gunia ndilo lililokuwa likimwakilisha mteja mnene. Mimi ndiye niliyelipandisha na kulishusha gunia hilo, na magoti yangu yanalikumbuka kwa jina. Wakati huohuo viti vya plastiki viliingia sokoni, vyepesi na rahisi, na Mzee Waithaka akawa anaomba apewe kiti chochote, hata kile kinachocheza kidogo. Mama Makokha hakubishana naye. Alirudi kwenye meza akiwa amechoka, akafanya kesho alichokifanya jana. Miwani yake iliongezewa unene mara mbili, na mikono yake ikaanza kumsumbua asubuhi za baridi.

Mwishowe alipata kile tunachokiita kilimi. Ni kipande kifupi cha chuma kinachoning’inia chini ya kiti. Ukikaa, fremu inashuka kidogo, na kilimi kinaanguka chenyewe kwenye nafasi yake. Kadiri unavyokuwa mzito ndivyo kinavyoshika. Ukisimama, ndipo kinapoachia. Na kinapoingia hulia “ta”. Sauti hiyo aliihangaikia kuliko kitu chochote. Alisema kiti kijitangazie chenyewe kuwa kimefungwa, kwa neno ambalo hakuna Mkikuyu wala Mbukusu anayeweza kuliharibu.

Mwezi uliopita tulipakia kiti cha kwanza cha kilimi, turubai la kijani, nikashuka na Mama Makokha hadi Matulo. Kulikuwa na ukungu mpaka Kamukuywa, kisha harufu ya kiwanda cha karatasi ikatupokea Webuye. Najua alichokuwa akikiwaza, kwa sababu aliniambia mara tatu. Hakutaka kustaafu kabla Phelista hajakikalia. Tuzo ya karakana, hotuba na keki ni mambo aliyoyataka Mzee Waithaka. Yeye alitaka hicho tu.

Mama Phelista alitukaribisha vizuri, akatupa chai na ndizi. Mashine ya kufuma sikuiona tena, siku hizi anauza sukuma wiki. Mama Makokha alikikunjua kiti uani, akaonyesha kilimi, akatia karoti kila mahali, akavuta na kusukuma. Phelista alitazama kwa adabu, kisha akatwaa blanketi lililokuwa likingoja jua, akalianika juu ya kiti. Nilitamani kurudi kwenye gari. Mama Makokha alisimama tu, karoti mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

Nadhani Phelista naye aliliona hilo. Aliliondoa blanketi.

“Mama Makokha, si ukae wewe kwanza. Mimi nitakuangalia.”

Nawaambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hadi siku ile. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona Mama Makokha ameketi katika kiti chake akakaa. Hukalia, husikiliza, huinuka, huandika. Siku hiyo aliketi. Kilimi kikalia “ta”. Akashusha fito hadi jino la mwisho, akaegemeza kichwa ili aonyeshe kwamba hakuna hatari, akaanza kueleza habari ya turubai, na katikati ya maelezo akanyamaza. Tulidhani anafikiri. Alikuwa amelala.

Nilitaka kumwamsha, tuna safari. Phelista alinizuia kwa ule mkono wenye kidole kifupi.

“Wacha yeye alale, bana. Huyu mama amechoka.”

Akamfunika na lile blanketi. Akaleta kigoda chake akakaa kando yake, akichambua sukuma wiki, na kila mara kiti kilipolia kidogo alikitupia jicho. Mama Makokha alikoroma, na hilo analikana hadi leo, lakini sisi wawili ni mashahidi. Alipoamka jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba. Aliona aibu sana, akaomba msamaha, akainuka upesi kama kawaida yake. Phelista alijifuta mikono kwenye leso, akageuka, akajishusha polepole kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mwenzake. Mikono yote miwili aliiweka ukingoni, palepale. “Ta.”

“Hii imeshika,” akasema. “Muiache hapa.”

Na safari hii tulielewana.

Mambo mengine ya utumishi wake yatasomwa na Mwihaki siku ya sherehe, nayo ni mengi. Mimi nimebakiwa na shukrani. Mama Makokha, karakana inakushukuru kwa viti vyote ambavyo havikumuumiza mtu, ambavyo kwa hiyo hakuna aliyekuja kutusimulia habari zake. Mafundi wanakushukuru kwa karoti. Mgongo wangu hauna shukrani, lakini mwenye mgongo anazo. Tunakutakia asubuhi zenye joto kwa mikono yako, wajukuu wasio na haraka, na uwanja wenye kivuli huko kwenu. Kiti kimoja cha kilimi kitakwenda nawe, kimeshapakiwa, na hakuna anayetaka maoni yako kuhusu mshono.

Mzee Waithaka ameniruhusu nivunje sheria yako mara moja, bila kufagia. Nimeyaandika yale maneno mawili kwa sababu Ijumaa nikisimama kuyasema, kwa ulimi huu wangu, wote mtasikia neno moja mara mbili. Yasome mwenyewe, uone tofauti.

Legea, mama. Kisha regea.

Ngige Kagwe, dereva