Aliyemgeuza Maiti

Macho hayana pazia, sembuse masikio ya fundi cherehani aliyepanda treni. Mbele yake, mwanamume alikuwa akimlalamikia mama aliyekutana naye humo garini, aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa mochwari.

"Ripoti ya daktari imetuponza! Polisi walimkuta kaka yangu amelala chali. Daktari anasema alikufa kifudifudi, akageuzwa. Sasa shemeji, mkewe, yuko mahabusu, eti ndiye aliyemuua akamgeuza."

"Damu ilivilia wapi?"

"Kifuani."

"Basi daktari hajakosea, mwanangu. Mtu akifa, damu hushuka upande wa chini, ikatulia hukohuko. Nani alimkuta kwanza?"

"Mimi."

Fundi akarefusha shingo.

"Ukamgusa?"

"Ningemwachaje, mama, uso sakafuni? Nilimgeuza, nikamfumba macho."

"Polisi uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha fundi, lakini alibaki kitini, sikio kwa mama.