Kibao Kilichokalia Jiko

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe zima hiyo redio. Mdomo mmoja unatosha. Mdogo wangu, yule Mama Birika, aliuza kahawa kwenye kona ya ukuta wa posta, jiko lake mbele ya benchi. Asubuhi moja akaja bwana wa fulana ya kijani. Akasema hapo watapita watu wanaotembea nchi nzima kwa miguu, kutangaza biashara ya haki: mkulima na muuzaji mdogo wasipunjwe. Kibao chao kitasimama palepale penye jiko. Mama Birika ahame.

Wazee wa benchi wakachangamka, nami nipo nasuuza vikombe.

— Watu wazima watembee nchi nzima kwa ajili ya kahawa? akasema Breki, dereva mstaafu. Magari yameisha?

— Ndiyo haki yenyewe, akajibu Fundi Soli, mshona viatu. Soli zikilika, wanakuja kwangu. Muuzaji mdogo ni mimi.

— Mdogo wa akili! Hao wanakwenda kuchungulia kama mkulima kalala. Wakimkuta macho, bei inapanda.

— Hujui kitu. Ule mguu wao una mbolea. Wakikanyaga shamba, mibuni inazaa.

— Mbolea ya miguu?

— Unadhani zile soksi nene za nini? Isimwagike!

Mdogo wangu akakohoa.

— Kaka zangu, na mimi niende wapi?

— Dada, usitutie aibu, akasema Breki. Haki inakuja kwa miguu yake, wewe unaizibia njia kwa jiko?

Wakalibeba wenyewe, huyu huku, huyu kule, moto ukiwa bado unawaka, wakalitua nyuma ya soko kwenye mtaro wa maji machafu. Kibao kikasimikwa palipokuwa na jiko, nao wakarudi kukaa wima kama wanaopigwa picha.

Wa kwanza kufika alikuwa binti, vumbi mpaka kwenye kope. Akasoma kibao: "Pumzika hapa kwa kahawa ya haki."

— Shikamooni, wazee. Muuzaji yuko wapi?

Breki akamtazama Soli. Soli akatazama viatu vya binti. Vipya, havijalika hata kidogo.

Mdogo wangu hakuirudia kona ile hadi alipofariki. Birika nikalirithi mimi, ndilo hilo jikoni. Vikombe alichukua bintiye. Breki na Soli walirithi kibao, na hadi leo wanakaa chini yake, midomo mikavu.