Dafina Karajova, Mama Aliyechelewa Kuamini

Wasikilizaji wapendwa, leo ni arobaini ya Dafina Karajova wa kijiji cha Gorna Breza. Wengi wenu hapa milimani mlimfahamu. Mlimfahamu kwa tumbaku yake safi, na mlimfahamu kwa macho yake. Yalikuwa macho ya kukagua. Ukimsalimia, aliitikia, kisha akakutazama kidogo, kama anayejiuliza salamu hiyo umeitoa kwa nia gani.

Binti yake wa pekee, Yanita, alimfahamu zaidi kwa pua. Kila jioni alipotoka kucheza, mama alimshika mikono, akaigeuza, akainusa. Moshi? Petroli? Maji ya bwawani?

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa kina Milka."

"Mlicheza nini? Nani mwingine alikuwepo?"

Kisha Dafina aliacha maharagwe yakichemka jikoni, akavuka barabara kwenda kumuuliza mama yake Milka.

Msimlaumu upesi. Dafina alikuwa na sababu. Alipokuwa msichana, mdogo wake Asen aliaga kwamba anakwenda kwa jirani kupasua kokwa za mti wa jozi. Mama yao alikuwa mpole, hakuuliza zaidi. Asen hakwenda kwa jirani. Alikwenda kuteleza juu ya barafu ya bwawa, na barafu haikumbeba. Dafina ndiye aliyetumwa nyumba kwa nyumba kumtafuta, na kila mlango ulimjibu kwamba Asen hakufika.

Kabla ya harusi alimweleza mchumba wake, Manol, bila kuzunguka. "Mimi neno la mtoto siliamini. Mtoto unayempenda, unamchunguza."

Manol alicheka. "Na mume je?"

"Nitaanza na wewe."

Ng'ambo ya ua aliishi wifi yake, Sevda, dada yake Manol. Sevda alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Zlatin, na alilea kinyume kabisa. Zlatin akitaka kulala, alilala. Akikataa shule siku ya mvua, alibaki. Wanawake hao wawili walikaa pamoja kibarazani wakitunga majani ya tumbaku kwenye uzi. Sindano zilikwenda, na ndimi nazo zilikwenda.

"Mtoto akililia wembe, wewe unampa na jiwe la kunolea," alisema Dafina.

"Na wewe, wifi, wako umemfunga pingu. Mwache apumue."

"Akipumua nje ya macho yangu, nitajuaje kama bado anapumua?"

Sasa sikilizeni vizuri. Yanita alipokuwa na miaka minane, aliugua sikio la kushoto. Lilitoa usaha, likakauka, watu wakasahau. Lakini baada ya hapo mambo yakaanza. Mama aliita, mtoto hakuitika. Mama aliagiza chumvi, mtoto akaleta chungu. Shuleni aliomba kuhamia dawati la pembeni kushoto, na mwalimu akamruhusu. Dafina alipopata habari hiyo, hakulala vizuri. Kwa nini pembeni? Anamkwepa nani? Anaficha nini?

Akaamua kumjaribu. Yanita alikuwa mezani akichora. Dafina alijibanza nyuma ya mlango, akanong'ona, "Kuna halua kabatini."

Mtoto aligeuka mara moja.

"Ahaa," alisema Dafina. "Halua unasikia. Kazi ndiyo husikii."

Hakujua, wasikilizaji wapendwa, kwamba mlango ule ulikuwa upande wa kulia wa mtoto. Jaribio lilimdanganya aliyelitunga. Tangu siku hiyo Yanita aliitwa mjeuri. Aliposhindwa kuitika, alisimamishwa akitazama ukuta. Na mama aliposema kwa nyuma, upande wa kushoto, "Sasa geuka," hakugeuka, kwa hiyo akasimama zaidi.

Yanita sasa ni mtu mzima, fundi wa kushona huko mjini Plovdiv. Alipozungumza nasi wiki hii, alisema hivi: "Nilijifunza kusoma midomo na kusema uongo kwa wakati mmoja. Kwa yote mawili nilikuwa hodari."

Mwaka ulizunguka. Ukafika msimu wa kuchoma pilipili, kila ua ukifuka moshi. Yanita akaanza kuaga siku za Alhamisi. Alisema anakwenda kwa mwalimu, kusaidiwa hesabu. Dafina alimnusa mikono aliporudi. Ilinuka pilipili za kuchoma. Mwalimu yule alikuwa mzee asiye na ua, anaishi ghorofani. Anachoma pilipili wapi?

Alhamisi iliyofuata Dafina alivua viatu vyenye kisigino, akavaa vya mpira, akamfuata. Mtoto hakuelekea kwa mwalimu. Alizunguka nyuma ya zizi, akaingia uani kwa Sevda.

Dafina alijificha nyuma ya rundo la kuni. Aliona wifi yake ameinama, mdomo karibu na sikio la kulia la Yanita, akimwambia maneno. Mtoto alitikisa kichwa na kucheka. Ule moto wa wivu, Dafina alimweleza Manol baadaye, ulikuwa mkali kuliko wa pilipili. Akawaza: wananicheka mimi. Huyu mwanamke ananiibia mtoto.

Akasogea. Akasikia.

"Mwambie mama yako," Sevda alikuwa akisema, polepole na kwa sauti nene. "Sikio likifa si ukucha, halioti tena."

"Hapana, shangazi. Atasema najifanya. Na wewe uliapa."

Dafina alitoka nyuma ya kuni. Mtoto alimwona, akashika ukingo wa meza.

"Sikio gani?" aliuliza Dafina.

Akamgeukia wifi yake. "Tangu lini unajua?"

"Tangu theluji iliyopita."

"Theluji iliyopita. Na ukanyamaza."

"Aliniomba, Dafina. Alilia. Ningefanyaje?"

"Ungemfanya alie zaidi. Ungekuja kwangu, ungenitukana, ungenivuta nywele. Mtoto akikuomba umwache aumie, unamwacha?"

Sevda naye alikuwa na lake. "Na wewe je? Anaishi kwako, anakula kwako, unamnusa kila siku kama mbwa wa mpakani. Mbona pua yako haikufika sikioni?"

Dafina alikaa chini, palepale penye maganda ya pilipili. Kwa muda mrefu alikuwa na hakika kwamba mtoto anaficha jambo. Na kweli alikuwa anaficha. Alishuku sawasawa. Ila alimshuku mtoto uovu, kumbe mtoto alikuwa anaficha maumivu.

Kesho yake walikwenda hospitali Plovdiv, wote watatu. Daktari, mwanamke wa makamo, alichungulia sikio la kushoto, akapiga kengele ndogo huku na huku. Akasema wangekuja mapema wangeliokoa. Sasa haliwezi kusikia tena. Halafu akauliza, bila ukali, "Nani anaishi na mtoto huyu?"

"Mimi," alisema Dafina.

"Na mimi," alisema Sevda.

Wasikilizaji wapendwa, tusidanganyane kwamba Dafina alitoka pale akiwa mtu mpya. Aliendelea kuuliza. Aliendelea kuvuka barabara. Lakini alibadilisha jambo moja, na jambo hilo lilibadilisha nyumba. Yanita akisema jambo, mama alijibu kwanza, "Sawa, nimekusikia." Maswali yalikuja baadaye, na alipouliza alisimama upande wa kulia. Yanita anasema ilichukua muda mrefu yeye kuacha kudanganya. "Mazoea. Nilikuwa nadanganya hata nikiulizwa kama nimeshiba."

Na Sevda? Alibaki mpole. Zlatin wake akakua bila kuulizwa kitu. Akaacha shule, akaacha kazi ya mbao, akaacha jeshi la zimamoto, akawa anashinda kitandani. Ni Dafina aliyevuka ua asubuhi moja akamvuta blanketi.

"Unakwenda wapi leo?"

"Siendi popote, mkazamjomba."

"Basi unakwenda shambani kwangu. Saa ngapi utarudi? Na utakula nini?"

Zlatin leo ana shamba lake mwenyewe. Alituambia, "Mama hakuwahi kuniuliza naenda wapi. Najua alinipenda. Lakini utotoni nilidhani hajali nikipotea."

Sasa tufike mwisho, na mwisho huu ni mgumu. Yanita alipopata mtoto wake, aliapa kutomchunguza mtu yeyote namna ile. Nyumbani kwake neno la mtu ni neno. Kiangazi hiki, mama yake alianza kuchoka, anapanda ngazi akishika kifua. Yanita alimsihi kwa simu aende kwa daktari. Siku chache baadaye Dafina akampigia.

"Nimekwenda. Ni uchovu tu. Amenipa vidonge."

"Nilimwamini," Yanita alituambia. "Sauti yake ilikuwa na kitu. Nilikisikia, hata kwa sikio moja. Lakini nilijiambia, usiwe kama yeye. Hakwenda kwa daktari yeyote. Alikuwa anavuna. Mara moja tu maishani mwangu ningepaswa kumfuata na kujificha nyuma ya rundo la kuni, kama yeye."

Dafina alianguka kati ya mistari ya tumbaku. Zlatin ndiye aliyemkuta.

Kwa niaba ya wote wa kituo hiki, tunatoa pole kwa Manol, kwa Yanita na mwanawe, kwa Sevda aliyepika ngano ya kuwagawia watu wa arobaini leo asubuhi, na kwa Zlatin. Mungu amrehemu Dafina Karajova.

Nanyi mnaotusikiliza, fikirini. Kuna mtu nyumbani kwenu ambaye juma hili amewaambia, "Sina kitu, niko sawa." Mwaminini. Kisha vueni viatu vyenye kisigino, mkamtazame.