Shangazi Yetu, Mwalimu Aliyeacha Chaki Akashika Brashi na Kalamu

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, katika chumba cha nyuma cha karakana ya mbao ya baba yake. Bibi alisimulia kwamba alitoka amekunja ngumi, na mkunga akasema huyu atawasumbua.

Alianza shule mwaka 1969. Alichapwa mara nyingi kwa kuchora pembeni mwa daftari, na kovu la fimbo lilibaki begani mwake hadi mwisho. Mwaka 1984 alihitimu ualimu, akafundisha lugha na sanaa.

Mwaka 1988 aliolewa na fundi seremala. Siku ya posa alimtaka mchumba akae kwanza ili yeye amchore. Bwana harusi mtarajiwa akasinzia, akakoroma mbele ya wakwe. Shangazi akawaambia wazee huyu hana cha kuficha, amemkubali. Walijaliwa binti mmoja.

Tarehe 3 Juni 2004, naibu mkuu wa shule alimfungia ofisini mwanafunzi wa miaka kumi na mmoja, tuliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, akampiga kwa kipande cha bomba kwa kosa la kuchelewa. Shangazi aliuvunja mlango kwa kiti. Alimkuta mtoto sakafuni, damu ikimtoka masikioni, na bomba bado linashuka. Akampiga naibu kwa kiti hicho hicho mpaka akaliachia. Kasuku alifia njiani kuelekea hospitali. Shule ikasema ameanguka ngazini. Shangazi alitakiwa kusema hivyo hivyo, akaacha kazi.

Nyumbani aliweka meza mbili, ya rangi dirishani na ya kuandikia ukutani, na kiti kimoja katikati. Alikuwa na sharti: alichokichora hakukiandika, alichokiandika hakukichora, maana kitu kikisemwa mara mbili huanza kupambwa. Hivyo ndivyo alivyotoa vitabu viwili vya hadithi na picha nyingi. Kifo cha Kasuku alikichora. Uso wa naibu ulitambulika, na mumewe akaitundika picha ukutani, upande wa barabarani.

Jumapili moja mchana waliingia wanaume wanne wenye mapanga. Waliichanachana picha, wakamgonga shangazi kichwani kwa ubapa wa panga, kisha wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza na kuuponda kwa nyundo ya mumewe. Mmoja akamwambia, "Haya, chora sasa, mwalimu."

Mumewe alimsihi aache. "Mke wangu, watakuua."

"Picha wameichana," alijibu. "Nikinyamaza, basi yule mtoto ameanguka ngazini."

Akalivunja sharti lake. Alikiandika kifo kile kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kitabu kilitoka mwaka 2009. Shule haijabadili kauli yake.

Kipigo kile cha kichwani kilimwachia kifafa. Kilimchukua tarehe 17 Februari 2023, akiwa mezani.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka yake, nasi watoto wa kaka. Ameacha pia mama yake Kasuku, ambaye kwa agizo la shangazi ameketi leo pamoja na familia. Naibu mkuu angali anaishi mtaani kwetu. Shangazi alituagiza kwamba huyo akija mazikoni asizuiwe. Apewe kiti, na haya yasomwe bila kurukwa neno.

Yamesomwa. Sasa na apumzike kwa amani.